Uzoefu wangu: kibao cha inchi 6 kwa 4 na Krita katika kuchora shujaa wa dirii

Niseme mapema: kwa kuchora shujaa aliyevaa chuma kuanzia chapeo hadi vidole vya miguu, kibao cha kuchorea kidijitali kisicho na skrini kinatosha. Changu ni cha bei ya chini, eneo la kuchorea inchi 6 kwa 4, kalamu haina betri, na kinachomekwa kwenye laptopu ya inchi 15.6 yenye RAM ya GB 8. Programu ya kuchorea ni Krita. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekatwa na udogo wa eneo pamoja na waya.

Udogo ndio unaowakatisha watu tamaa siku ya kwanza. Eneo lina upana wa sentimita 15.2, skrini ina sentimita 34.5. Mkono ukienda sentimita moja, mstari unaenda zaidi ya mbili, na mtetemo wa mkono unakuzwa vivyo hivyo. Halafu kibao ni 3 kwa 2 wakati skrini ni 16 kwa 9, hivyo kikitandazwa chote juu ya skrini nzima, upana unavutwa kama asilimia 18 kuliko kimo. Ngao ya duara inatoka yai! Weka kifuniko cha chupa ya maji juu ya kibao, kizungushie kalamu. Ukiona yai, ingia kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kibao, uchague uwiano ulingane na wa skrini. Utapoteza kama sentimita 1.6 za kimo, nazo si za kulilia.

Mstari ukitoka na unene uleule hata ukikandamiza, kalamu mara nyingi ni nzima. Fungua mipangilio ya Krita, sehemu ya kibao, hama kutoka WinTab kwenda Windows Ink au kinyume chake (ni njia mbili za Windows kupokea taarifa za kalamu), kisha funga programu na uifungue upya. Ukiweka kalamu kikaonekana kiduara na mstari ukachelewa kuanza, hiyo ni tabia ya Windows ya kugeuza mguso mrefu kuwa kitufe cha kulia. Izime. Hapohapo kwenye Krita kuna mchoro wa presha ya kalamu: uinue kidogo katikati, ili nguvu karibu yote ije kabla hujakandamiza hadi mwisho. Kifundo cha mkono kitakushukuru, na ncha zitadumu.

Krita yenyewe ni ya bure kwenye tovuti yake. Ile inayouzwa Steam ni programu ileile, na ukiinunua umewachangia watengenezaji. Kinachotaka hesabu ni RAM. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na leya moja (tabaka la mchoro) iliyojaa rangi, biti 8 kwa kila chaneli ya rangi, inakula kama MB 35. Leya 40 zinafika GB 1.4 kabla hujahesabu kumbukumbu ya kurudi nyuma (undo). Ukienda A3 unazidisha mara mbili, ukienda biti 16 mara mbili tena, na hapo GB 8 zinazogawanwa na Windows na kivinjari zinaanza kukwama. Mimi nabaki A4, biti 8, leya zisizozidi 30.

Sasa chuma chenyewe. Kosa ninaloliona kwenye kazi nyingi ni kuchukua kijivu, kuweka kivuli upande mmoja na weupe upande mwingine, polepole, kama shavu la mtu. Matokeo yake ni dirii ya udongo. Chuma kilichong'arishwa hakina rangi ya kwake ya kuonesha, kinaonesha kilichokizunguka. Chukua sufuria mpya, itoe uani saa nne asubuhi, ilaze ubavu. Juu utaona weupe wa anga, kisha ghafla mstari mweusi pale upeo wa macho ulipo, miti na kuta zikiwa zimebanwa humo, na chini yake rangi ya ardhi. Mstari mweusi unagusana na weupe bila kuchanganyika, na mgusano huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni chuma. Isimamishe: mistari nayo inasimama. Sufuria ikilala mistari inalala, ikisimama inasimama. Kwa hiyo kwenye muundi mistari inapanda na mguu, na kwenye mkono ulionyooshwa pembeni inalala na mkono. Upande wa chini wa kila bamba upake rangi ya ardhi. Shujaa akisimama kwenye udongo mwekundu, chini ya kidevu cha chapeo pawe na wekundu, akisimama kwenye mchanga wa ufukweni pawe na weupe wa maziwa.

Kwa kazi hiyo natumia brashi ya duara yenye ukingo mkali, na laini naigusa mara chache tu. Kila sehemu ina kundi lake la leya: chapeo, dirii, mabega, mikono, miguu. Leya ya chini kabisa ya kundi ni umbo tupu la kijivu, na zinazofuata ndani yake zinawashwa kitufe cha kurithi uwazi (Inherit Alpha) ili rangi isivuke ukingo. Wengi wanakilaumu kitufe hiki kwamba hakifanyi kazi. Wamekiwasha nje ya kundi, hivyo kinahesabu kila kilicho chini yake, pamoja na mandhari iliyojaa ukurasa mzima. Hakuna kilichobaki cha kukatwa.

Pambo la dhahabu halipewi weupe mtupu, mng'ao wake unabaki na unjano. Naupa Color Dodge, hali ya kuchanganya rangi inayong'arisha kilicho chini, kwa asilimia 15 hadi 20, na brashi ya rangi ya chungwa iliyoiva sana, karibu na kahawia. Ukianza na njano kali, miguso miwili tu na pambo limeungua likawa jeupe. Ribiti, vile vichwa vya misumari ya kuunganisha mabamba, hazichorwi moja moja: brashi kali, nafasi kati ya miguso (spacing) iwe 2.0, vuta mstari, nazo zinajipanga kwa pengo sawa na upana wake. Mikwaruzo ije mwisho, na ikae kwenye kingo na viungo ambako bamba husuguana. Katikati ya kifua iwe michache.

Kwa miiba ya mabegani, kabla ya kunakili michoro ya wengine, tazama picha za mifupa ya Kentrosaurus, dinosaria mwenye miiba aliyefukuliwa Tendaguru, hapa jirani Lindi, katika uchimbaji wa 1909 hadi 1913 uliopeleka mifupa Berlin. Mabamba ya shingoni yanavyogeuka taratibu kuwa miiba kuelekea mkiani ni somo tosha la kupanga silaha juu ya mwili.

Ukienda kuchapisha kazi stesheneri, mwanga wa buluu wa upanga ndio unaoumia zaidi, kwa sababu wino haufiki buluu ile ya skrini. Chapisha kipande kidogo cha upanga kwanza, kisha ongeza giza pembeni yake badala ya kuongeza buluu.

Kuhusu hali ya hewa yetu: joto la Mtwara linafanya kiganja kinate kwenye kibao na mstari unakatika. Soksi kuukuu iliyokatwa, yenye kufunika kidole cha mwisho na cha pete, inamaliza tatizo. Usitandike karatasi juu ya kibao kupata ukwaruzi, inakula ncha. Ncha ikishakuwa bapa kama patasi ibadilishe, vinginevyo inachora mifereji isiyofutika. Waya wangu ulianza kupoteza mawasiliano shingoni, na kwenye kichwa cha USB kulikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi hiyo. Siku hizi kibao kinalala kwenye kontena la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na waya nauchomoa upande wa laptopu tu.