NanoPi R2S kwa saiba ya Kisumu: rauta nzuri, shida iko kwa memori kadi

Kwa saiba ya kompyuta kumi hivi pale Kondele, au ofisi ya shule kule Nyalenda, NanoPi R2S ya FriendlyElec inatosha na nafasi inabaki. Ina prosesa ya Rockchip RK3328 yenye kori nne, RAM ya GB 1 na matundu mawili ya Ethaneti ya gigabiti. Wi-Fi haina, kwa hiyo tenga pesa za aksesi pointi. Kwa joto la Kisumu, chukua yenye ganda la metali, si la plastiki.

La kujua kabla ya kulipa ni kwamba ndani hamna flashi ya kuwashia. Kila kitu husomwa kutoka memori kadi ndogo. Uzuri wake ni kuwa programu mbovu haiwezi kuiua rauta hii: unabadilisha kadi, inaamka. Ubaya wake ni kuwa kadi ikigoma huna njia ya pili, na rauta nyingi zinazosemwa zimeungua hazijaungua kamwe.

Ikipata umeme, chipu huenda sekta ya 64 ya kadi, yaani KB 32 kutoka mwanzo, kutafuta programu ya kuanzia. Mahali hapo pako nje ya patisheni zote, yaani vile vipande ambavyo kadi imegawanywa. Aliyeandika OpenWrt, mfumo wa Linux wa rauta, kwenye /dev/sdb1 (patisheni moja) badala ya /dev/sdb (kadi nzima) ameisukuma programu hiyo mbali na inapotafutwa, na rauta itakaa kimya. Angalia kwanza kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, kadi ni ipi, usije ukafuta diski ya kompyuta, kisha:

dd if=openwrt.img of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync

Kabla ya hapo, unapofungua faili la .gz lililobanwa, gunzip hulalamika kwamba kuna takataka mwishoni mwa faili. Usishtuke, ni maelezo ambayo OpenWrt yenyewe huyabandika pale. Kinachothibitisha faili ni kulinganisha sha256sum (alama ya uhakiki) ya faili la .gz ulilopakua na ile ya tovuti.

OpenWrt huja kwa miundo miwili ya kuhifadhi faili: chagua toleo la squashfs, si ext4. Huku stima hupotea bila hodi, hasa mvua ya jioni ikija na radi. Katika squashfs mfumo wa msingi ni wa kusomwa tu, hauandikwi, hivyo kukatika kwa umeme kutaharibu mipangilio tu, na amri ya firstboot itairudisha rauta ilivyokuwa mwanzo. Ext4 haina kinga hiyo.

Kadi ya GB 16 au 32 ya aina ya kamera za usalama, kama SanDisk High Endurance, ni pesa iliyotumika vizuri. Kadi bandia ni mtego, kwa sababu OpenWrt ni ndogo: itawaka sawasawa siku ya kwanza, halafu ianguke ukipanua patisheni kupita uwezo halisi wa kadi. Ipime mapema kwa f3probe, programu ya kupima uwezo halisi wa kadi, ikiwa bado tupu.

Umeme unaotakiwa ni volti 5, ampea 2. Chaja ya simu ya zamani na kebo nyembamba ya mita mbili hushusha volti, na dalili yake huonekana wazi: kerneli (kiini cha Linux) inaanza, inafika inapoamsha chipu ya USB inayobeba tundu la LAN, kisha yote yanaanza upya. Badilisha kebo kabla ya kuandika kadi tena.

Ili kuacha kubahatisha, nunua adapta ya UART ya volti 3.3, inayokuonyesha kwenye kompyuta ujumbe wa rauta ikiwaka. Unganisha GND, TX na RX tu. Kasi ni 1500000, na hapa wengi hukwama: adapta yenye chipu ya CP2102 ya kawaida haifiki kasi hiyo, utaona herufi za ovyo na kudhani kadi ni mbovu. FT232RL inafika. Kimya kabisa, kama waya ziko sawa, kwa kawaida maana yake chipu haikuona kitu sekta ya 64. Ukiona "Trying to boot from MMC1" ikifuatwa na kosa la kusoma, ni kadi au vidoti vyake vya shaba. "Waiting for root device" maana yake kerneli imeamka lakini patisheni ya pili haionekani.

Kuna hitilafu moja inayochosha mafundi: rauta inawaka ukichomoa waya, lakini amri ya reboot inaiacha imeganda. Linux huihamisha kadi ya UHS (aina ya kadi za kasi kubwa) kutoka volti 3.3 hadi 1.8, na kadi hairudi 3.3 mpaka ikatiwe umeme. Ikiwashwa upya bila kukatiwa, chipu inashindwa kuisoma. Jaribu kadi ya polepole isiyo ya UHS. Ikikubali, umeshajua chanzo.

Ikiwa taa ya SYS imepepesa kisha ikatulia lakini 192.168.1.1 haifunguki, rauta iko hai. Angalia kama kifaa cha mtoa huduma hakitumii anwani hiyo hiyo upande wa WAN, yaani tundu la intaneti.

Nunua kadi mbili. Ya akiba iandike toleo lilelile na uhifadhi mipangilio kwa sysupgrade -b. Ila kumbuka OpenWrt huitengenezea R2S anwani ya MAC, utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, kutokana na namba ya kadi. Kadi mpya, MAC mpya. Mtoa huduma aliyefungia laini kwa MAC atakukatalia. Nakili MAC ya zamani kutoka /etc/config/network kadi ya kwanza ingali inafanya kazi, uiandike kwa kalamu juu ya ganda.