Toyota Belta na joto la Dar: chukua ya cc 1300

Mnaoniuliza Belta vipi kwa mizunguko ya kila siku Dar, gari zuri ila angalia injini kwanza, maana ile ya cc 996 ina pistoni tatu tu, sasa Februari saa nane mchana umepakia watu wanne na AC full unapanda Kimara, utaona inavyojikongoja, bora ya 1300 yenye pistoni nne. Ndani padogo so AC inapoza chap. Mafuta inanusa tu, spea kibao Kariakoo. Kabla hujalipa cheki feni ya rejeta na uone ndani kuna kulanti (kimiminika maalum cha kupoza injini), sio maji ya bomba (wabongo kwa hilo jamani!). Siti za kitambaa, ukipaki juani hazikuunguzi sana. Buti kubwa kuliko unavyodhani.