Corolla KE70 kwa injini ya 7K-E: nimeiaga kabureta, na haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na jibu, maana wengi wenye KE70 mnataka kujua hilo tu. Ndiyo, injini ya 7K-E ya TownAce inaingia, inatembea vizuri, na kwangu mimi ndiyo njia bora ya kuachana na kabureta kwenye Corolla hizi. Ila ugumu wa kazi hauko kwenye injini yenyewe. Uko kwenye waya na mafuta, na gereji isiyoyajua hayo mawili itakurudishia gari bovu kuliko ulilolipeleka.

Gari langu ni saluni ya mwaka 1982, milango minne, herufi DX bado zinang'aa kwenye buti. Niliachiwa na marehemu baba na sina mpango wa kuliuza. Ni kizazi cha nne cha Corolla, kilichoanza 1979, na ndizo saluni za mwisho za Corolla zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma kabla kizazi kilichofuata hakijahamia mbele mwaka 1983. Injini ya kiwandani ni 4K, cc 1,290, kabureta. Ni injini ngumu kufa. Tatizo langu lilikuwa barabara.

Nafundisha fizikia Tanga mjini, na nyumbani kwetu ni Lushoto. Kutoka usawa wa bahari hadi Mombo hakuna neno. Ukishakunja Mombo kuanza kupanda ndipo kabureta inapoanza kuomba msamaha. Kipande kile ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, kupitia Soni, na unapanda karibu mita 1,000. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 15, lakini jeti za kabureta tundu lake ni lilelile. Mafuta yanazidi hewa, plagi zinakuwa nyeusi, gari linamisi kwenye gia ya pili huku lori liko nyuma yako. Ukiitegesha kabureta kwa ajili ya Lushoto, ukirudi Tanga mchanganyiko unakuwa mkavu na injini inachemka. Asubuhi za Julai, choki unaivuta mpaka vidole vinauma.

Mfumo wa nozeli (EFI), unaopuliza mafuta kwa umeme badala ya kabureta, unalimaliza hilo kwa sababu una sensa inayosoma mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi. Kontroboksi, yaani kompyuta ndogo ya injini, inaujua mzigo wa injini na inapima mafuta kulingana na hewa iliyopo. Kupanda mlima hakuhitaji bisibisi.

Kwa nini 7K-E na si nyingine? Rafiki yangu wa Arusha aliweka 5A-FE kwenye KE70 yake. Ni injini tamu, cc 1,498, valvu 16, inapenda resi. Lakini ilitengenezwa kulazwa upande kwenye magari yanayovuta mbele. Ukitaka kuisimamisha kwenye KE70 unatafuta gia boksi ya T50, ambayo siku hizi ni adimu, unabadilisha maunti (vishikizo vya injini), unahangaika na disitributa inayogusa ukuta wa nyuma ya injini. Amefurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini pesa aliyomwaga ingenunua pikipiki mpya.

7K-E ni ndugu wa damu wa 4K. Familia ya K ileile: cheni ya taimingi, fimbo za kusukuma valvu, kichwa cha valvu nane, umbo lilelile la nyuma linalopokea gia boksi ya K. Ukubwa ni cc 1,781. Pistoni ina kipenyo cha milimita 80.5 na mwendo wa milimita 87.5, wakati 4K ni 75 kwa 73. Huo mwendo mrefu ndio unaoipa nguvu ya chini, na nguvu ya chini ndiyo inayopanda Soni. Toyota waliiweka kwenye vani za TownAce na LiteAce kuanzia 1996, na Indonesia kwenye Kijang, kwa hiyo spea zake zipo.

Sasa ununuzi. Nilikwenda Gerezani, Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alikuwa na injini safi kabisa, haijavuja popote, lakini waya zilikuwa zimekatwa kwa msumeno karibu na injini, zimebaki vishungi. "Waya zinaungwa tu bosi," akaniambia. Nikaondoka. Nawaomba mnielewe vizuri hapa: injini ya EFI bila waya zake nzima na bila kontroboksi iliyotoka kwenye gari hilohilo ni chuma cha uzito. Kuna zaidi ya waya ishirini zinazoingia kwenye kontroboksi, na fundi anayeunga kwa kukisia rangi atakuunguzia sensa moja baada ya nyingine. Duka la pili walikuwa na injini iliyotolewa kwa ustaarabu: waya ndefu hadi kwenye kontroboksi, plagi zote za sensa na klipu zake, rilei ndani ya kiboksi chao. Nililipa shilingi 1,900,000. Nilichukua risiti na nakala za karatasi za forodha, kwa sababu namba ya injini kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA na bila karatasi hizo utazungushwa.

Gereji iko Tanga, uwanja wa mchanga chini ya miembe, haina hata bango. Fundi mkuu ni mtu wa makamo, mpole, na msaidizi wake ni fundi umeme kijana mwenye mita ya kidijitali na daftari. Lile daftari ndilo lililonifanya niwape kazi. Kabla hajagusa chochote alichora kila pini ya kontroboksi, rangi ya waya, na inakoishia. "Mwalimu," fundi mkuu akaniambia, "injini tunaweza kuikalisha hata leo. Huyu kijana mpe muda wake."

Na kweli injini ilikaa bila vita. Bolti za gia boksi ziliingia kwenye matundu yake. Maunti zilitoka kwenye 4K. Sampo (bakuli la oili chini ya injini) ya TownAce ndiyo iliyogoma, imetengenezwa kwa chesesi ya vani na inagonga kwenye krosimemba (mhimili unaokatiza chini ya injini) ya Corolla, ikabidi warudishe sampo ya 4K. Hapa nilipenda umakini wao. Krenki ya 7K (mhimili unaozungushwa na pistoni) inazunguka duara pana zaidi, basi fundi alibandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto ndani ya sampo, akaifunga, akaizungusha krenki kwa spana taratibu, mizunguko miwili, halafu akaifungua kuona udongo umebonyea kiasi gani. Ulikuwa mzima. Paipu ya kunyonya oili akaifupisha na kuichomelea upya ili isiguse chini. Gereji nyingine wangefunga na kuwasha.

Mafuta ndiyo yaliyokula muda. Pampu ya kabureta inasukuma mgandamizo mdogo sana, robo ya bar hivi. Nozeli zinataka karibu bar 3, muda wote, bila kukatika. Kwa hiyo pampu ya umeme, paipu za chuma na hosi za mgandamizo mkubwa zenye klipu zake, na njia ya kurudisha mafuta kwenye tanki. Msikubali hosi za kawaida zilizofungwa kwa waya wa kufungia, hiyo ni moto unaosubiri cheche. Jambo la pili ni kona. Tanki la KE70 halikujengwa kwa ajili ya EFI. Mafuta yakiwa robo na ukikata kona kali, yanakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Injini ya kabureta haijali, ina bakuli lake la akiba. EFI inakata palepale. Waliniwekea kitanki kidogo cha lita moja na nusu kati ya tanki na pampu kubwa, kinachojazwa na pampu ndogo, na tangu hapo kona za Soni hazijawahi kuikatia mafuta hata taa ya mafuta ikiwa inawaka.

Pampu ilifungwa kupitia rilei yake ya Toyota, inayokata umeme injini ikizima. Nalisema hili kwa herufi kubwa moyoni mwangu: kuna mafundi wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye swichi. Gari likipata ajali, injini imezimika, pampu inaendelea kumwaga petroli. Muulizeni fundi wenu swali hilo kabla ya kumpa hata senti.

Siku ya kuwasha iliwaka kwa mzunguko wa pili wa stata, lakini sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa inapanda na kushuka na taa ya injini waliyoichomeka kwenye dashibodi haikuzima. Kijana alichukua kipande cha waya, akaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, tukahesabu mwako wa taa: mbili, kimya kidogo, mbili. Namba 22, sensa ya joto la maji. Plagi ilikuwa imesukumwa lakini haijalia klik. Akaibonyeza, akafuta kumbukumbu, taa ikazima na sailensi ikatulia. Mashine ya kompyuta hatukuihitaji, na hiyo ndiyo raha ya EFI za Toyota za miaka ile.

Matokeo barabarani. Nguvu imetoka kama farasi 60 hadi karibu 80, kwenye gari lisilofika tani moja. Mlima wa Soni naupanda gia ya tatu pale nilipozoea ya pili. Baridi ya Lushoto haihusiki tena, unawasha na kuondoka. Mafuta nilitegemea yaongezeke kwa sababu injini ni kubwa zaidi, lakini njia ya Segera napata kilomita 13 kwa lita, na 4K ilinipa 11. Mjini tofauti ni ndogo.

Gharama: ufundi wote shilingi 950,000, pampu, kitanki, hosi na paipu 480,000, rejeta ya safu tatu 260,000 kwa sababu ile ndogo ya 4K haitoshi kupoza cc 1,781, na vitu vidogovidogo kama 200,000. Ukijumlisha na injini unakaribia milioni tatu na laki nane. Si pesa ndogo. Kama 4K yako ni nzima na unaishi Dar ambako hakuna mlima, tengeneza kabureta vizuri ubaki nayo. Kama unapanda Usambara, Uporoto au Uluguru kila mara, fanya.

Malalamiko yangu kwa gereji ni mawili. Muda walioniahidi uliongezeka zaidi ya mara mbili, na kila nilipopiga simu jibu lilikuwa "kesho mwalimu". Pia hosi ya hewa kutoka kwenye filta waliiunga kwa vipande vitatu vya hosi ya rejeta, inafanya kazi ila haipendezi, na kila kiungo ni mahali pa vumbi kupenya. Nimewaambia, na wamekubali kuibadilisha bila malipo.

Kilichobaki ni gia. Langu lina K40 ya gia nne, na kwa kasi ya 100 injini inapiga kelele bila sababu wakati nguvu ya gia ya tano ipo. Natafuta K50. Fundi amenionya kwamba gia boksi zote za K zilijengwa kwa injini ndogo, kwa hiyo hakuna kuachia klachi ghafla, na mimi namsikiliza. Nikiipata yenye sinkronaiza nzima, inafungwa likizo ya Desemba, gereji ileile.