Mayai 60 ya kuku wa kuchi kwa basi, Dar hadi Mafinga: uzoefu wangu

Boksi lilipofika kwangu saa moja asubuhi, kabla sijagusa kamba, niliinama nikaliwekea sikio na kuliinamisha kidogo upande mmoja. Kimya. Hakuna kilichogonga, hakuna kilichoteleza. Nikajua safari hii nimempata mtu anayejua kufunga mayai ya kutotolesha.

Naandika kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nililizwa, na najua wapo wafugaji wenzangu wanaolizwa hivyo hivyo, halafu wanailaumu mashine ya kutotolesha.

Nafuga kuchi hapa Mafinga, huu ni mwaka wa nne. Kundi langu lote lilitokana na jogoo mmoja na mitetea mitano, na ikafika mahali wanazaliana ndugu kwa ndugu: vifaranga wengine wanakua kwa kusuasua, wengine vidole vimepinda. Nilihitaji damu mpya. Kununua jogoo na mitetea wakubwa kutoka mbali ni gharama, na ukiingiza kuku wageni bandani unaweza kuingiza na ugonjwa. Nikaamua kuagiza mayai.

Oda ya kwanza ilikuwa mayai 60 kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Alipandanisha trei mbili, akazizungushia nailoni mara kadhaa, akatumbukiza kwenye boksi la sabuni. Likasafiri mchana kutwa ndani ya buti. Nilipofungua, mayai tisa yalikuwa yamepasuka kabisa, matatu yana ufa, na mengi ya yaliyobaki yamelowa ute wa wenzake. Ile nailoni nayo ilikuwa imeyatoa jasho. Ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na unyevu ukikaa juu yake vijidudu hupata njia ya kuingia. Nikaingiza mashineni 48. Walitoka vifaranga 13.

Wakati ule hasira yangu yote ilikuwa kwenye yale 12 niliyoyatupa. Hasara yenyewe hasa ilikuwa ndani ya yale 48 yaliyoonekana mazima. Siku ya saba niliyamulika kwa tochi nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwa mayai ya bandani kwangu: chumba cha hewa kinahama. Ukilaza yai, kinakimbia upande wa juu kama lile povu la kwenye pima maji ya fundi ujenzi. Chumba hicho hukaa upande mnene wa yai, kati ya ngozi mbili nyembamba. Yai likitikiswa sana, ngozi ya ndani inabanduka. Na kifaranga anapokaribia kutoka, huko ndiko anakotoboa kwanza ili apate pumzi yake ya mwanzo, ndipo aligeukie ganda. Siku ya 23 nilipasua mayai yaliyobaki. Mengi yalikuwa na vifaranga kamili, manyoya yote yameota, wamefia ndani. Iliniuma sana.

Muuzaji wa pili nilielekezwa na mfugaji mwenzangu wa Makambako. Yupo Dar. Mayai yake ni shilingi 1,500 kila moja, kwa hiyo 60 ni 90,000. Nauli ya mzigo kwenye basi ni 10,000. Halafu akaniambia ufungaji ni 12,000, nikashtuka. Nikamwambia, "Kaka, mwenzako hakunitoza hata senti ya kufunga." Akanijibu, "Na yalitotoka mangapi, dada?" Nikalipa.

Kabla ya kupokea hela aliniuliza mashine yangu inageuza mayai yenyewe au nageuza kwa mkono, nani atapokea mzigo, na ni umbali gani kutoka stendi hadi nyumbani. Nilitaka yaondoke Ijumaa, akakataa: mwisho wa wiki mizigo ni mingi, boksi lingerundikiwa magunia. Yakaondoka Jumatano usiku kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Usiku nao aliuchagua kwa makusudi. Mbegu ndani ya yai hulala likiwa kwenye ubaridi, na joto likipita nyuzi 21 hivi huanza kuamka. Ikiamka, ikapoa, ikaamka tena, inadhoofika. Mchana, ndani ya buti, ukishuka bonde la Ruaha, ni kama mayai yamewekwa jikoni.

Sasa boksi lenyewe. Jambo la kwanza nililoliona ni kamba ya katani: imepita chini ya boksi, imepanda pande zote na kufungwa juu kwa mshikio. Niliona ni pambo tu, hadi nilipomwona utingo akilishusha. Boksi lisilo na mshikio hubebwa vyovyote vile, hata kichwa chini miguu juu. Hili alilishika kamba, likaning'inia wima, akanipa mkononi: "Mama, mzigo wako." Maandishi ya "usilaze" yalikuwepo pande zote nne, lakini saa kumi na moja alfajiri, gizani, nani anasoma? Mkono unafuata mshikio.

Ndani kulikuwa na boksi la pili, dogo. Chini yake kipande cha godoro cha unene wa kama vidole vinne, na pembeni, kati ya boksi na boksi, maranda yamejazwa kwenye vifuko vya karatasi ili yasivuje. Boksi la nje limetobolewa matundu ubavuni. Trei zilikatwa nusu, kila nusu mayai 15, na juu ya kila nusu imefunikwa nusu nyingine, kisha zikafungwa pamoja kwa uzi. Kila yai limeviringishwa tishu hadi linabana kwenye kishimo chake, ncha chini, upande mnene juu. Nilichomoa moja kwa vidole viwili nikahisi linagoma kidogo kutoka. Wengi wetu tunafikiri yai linahitaji kulazwa kwenye kitu laini, basi. Ulaini peke yake hausaidii yai likiwa na nafasi ya kucheza. Litagonga jirani yake kwenye kila tuta pale Mikumi, na matuta ya Mikumi mnayajua. Bado hujaanza kupanda kona za Kitonga.

Kwa safari ya kama kilomita 580, yai moja tu lilikuwa na ufa.

Nina malalamiko mawili. Hakuandika tarehe ya kutagwa kwenye mayai. Nilipouliza alisema yote yana siku nne hadi tano, na matokeo yanaonyesha alisema kweli, lakini penseli ni shilingi ngapi? Yai likipita siku saba uwezo wa kutotoka huanza kushuka, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuona tarehe kwa macho yake. La pili, alichelewa kunitumia namba ya gari. Niliipata saa tano usiku baada ya kupiga simu mara nne, roho ikiwa juu. Kuhusu fidia, anarudisha hela ya yaliyovunjika tu, na umtumie picha ndani ya saa mbili. Yasiyototoka halipi. Wengine wanaliona hilo ni tatizo, mimi naona ni haki, maana hawezi kujua mashine yangu ikoje wala kama umeme ulikatika.

Upande wangu nilifanya hivi. Niliyaacha kwenye trei ncha chini kwa saa 24, chumba chenye ubaridi wa kawaida, bila kuyagusa. Mafinga asubuhi ni baridi kali, na ukilitoa yai kwenye baridi hiyo ukaliingiza mashineni moja kwa moja linatoka jasho, kwa hiyo kwanza niliyaleta chumba cha ndani yapate joto taratibu. Mashine niliiweka nyuzi 37.5. Siku mbili za mwanzo nilizima kigeuzio, kwa sababu nilipomulika niliona mayai kama kumi yana chumba cha hewa kilicholegea kidogo. Kumi kati ya 59. Kwenye oda ya kwanza ilikuwa karibu yote.

Siku ya saba nilitoa 11: manane hayakuwa na mbegu, matatu yalikuwa na ile pete ya damu, yaani mbegu ilianza kukua ikafa. Siku ya 18 nikatoa mawili mengine, nikaacha kugeuza, nikaongeza maji mashineni. Yakabaki 46. Siku ya 21 na ya 22 walitoka vifaranga 41. Matano yaliishia kuwa viza. Mayai ya bandani kwangu, ambayo hayajapanda gari lolote, kwa kila 60 hunipa vifaranga 48 hadi 50. Kwa mayai yaliyopita Mikumi na Kitonga, 41 sikutegemea.

Ukipiga hesabu, gharama yote ya oda ya pili ni 112,000, kwa hiyo kila kifaranga alinigharimu kama 2,700. Oda ya kwanza, pamoja na nauli, nilitoa 94,000, na kifaranga mmoja akafika zaidi ya 7,200. Ile 12,000 iliyonishtua nailipa tena bila kubishana.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimemwambia nitaiongeza siku nitakapoona tarehe kwenye ganda. Nimeshaagiza trei moja nyingine kwa ajili ya mitetea, inaondoka Jumatano ijayo usiku, na boksi lake na kamba yake nimevitunza stoo. Mwezi ujao kuna mama wa Songea anataka mayai 30 kwangu, nayo yatasafiri humo humo.