Karani anastaafu: hoja ya bunge la kaunti au nishani ya Rais?

Mtu akikaa miaka thelathini nyuma ya meza huku Lamu, akiwaandikia wakubwa hotuba na kuvuka maji na mafaili ndani ya mfuko wa nailoni yasirowe, wenzake hutaka aagwe kwa heshima. Njia ni mbili.

Nishani ina uzito wake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 132, inampa Rais uwezo wa kuitoa kwa jina la wananchi na Jamhuri. Mpewa huandika herufi nyuma ya jina: HSC (Head of State’s Commendation), OGW (Order of the Grand Warrior). Lakini foleni ni ya nchi nzima, na karani asiyejulikana nje ya Mokowe, makao makuu ya kaunti, hapiti kirahisi.

Hoja ya pongezi iko karibu. Lamu ina wadi 10 tu; mwakilishi wa Faza au Mkomani ukimpata barazani jioni, mmeshazungumza. Anaipeleka kwa maandishi, Spika akiikubali anaitolea notisi na kuiwasilisha, mwenzake anaiunga mkono, kisha wajumbe wanasimama mmoja mmoja. Hapo ndipo penye utamu: maneno yao huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, na wajukuu wanaweza kuyasoma. Haina medali wala senti. Na hakosekani wa kujisifu yeye kuliko mwenye sherehe, huyo mvumilieni.

Mimi ningeanza na hoja, ila ningeiandika mwenyewe: si “mchapakazi hodari”, bali faili gani aliliokoa, mvua ipi. Karatasi hiyo hiyo ndiyo utakayoiambatisha ukija kumpendekeza kwa nishani.