Nimewalipa miaka yote hiyo, halafu wananifungia faili langu mwenyewe

Naanza na sentensi moja, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. "Kitaalamu, hukununua programu. Ulinunua haki ya kuitumia." Niliandikiwa hivyo na mhudumu wa kampuni niliyoilipa miaka na miaka, saa saba na ushee usiku, huku nikiwa na kurasa mia na kitu za tasnifu ya mdogo wangu ambazo siwezi kuziongezea hata nukta. Mwisho wa sentensi akaweka kale kauso kanakotabasamu. Mengine yote ningesamehe, lakini si kauso.

Niseme mapema kwamba mimi si mpenda vya bure. Programu hii ya kuandikia niliilipia ada ya mwaka tangu siku ile nilipochoka na nakala za kuibia, zile unazopewa kwenye flashi pamoja na virusi vyake. Nilijiambia mtu mzima hulipia anachotumia. Na kwa kweli ilifanya kazi. Sikumbuki mwaka wa kwanza ulikuwa upi, ila kila ulipofika mwezi wenyewe fedha ilikatwa, mimi nikaguna kidogo, maisha yakaendelea. Nilikuwa hata nawatetea kwa marafiki. Hilo nalo linaniuma.

Mwaka huu nikapiga hesabu. Kati ya yote yaliyomo kwenye ule mfuko wa programu wanaokuuzia kwa pamoja, mimi nagusa mbili: ya kuandikia na ya majedwali. Hizo nyingine sijawahi kuzifungua, na mojawapo sijui hata ni ya nini. Nikaamua nisihuishe tena. Siku za ada zikiisha basi, nitafute njia nyingine taratibu, bila ugomvi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo huenda kosa ni langu. Nikaingia kwenye akaunti, nikabofya huku na kule, nikakuta ukurasa unauliza: "Unataka kughairi?" Chini yake vitufe viwili. Kimoja "Ghairi", kingine "Endelea". Hebu niambie wewe. Nikibofya Ghairi, naghairi usajili, au naghairi kule kughairi? Na nikiendelea, naendelea kulipa, au naendelea kujitoa? Nilikaa pale nikiusoma ukurasa kama mtihani. Mwisho nikabofya kimoja. Nilichobofya nilikuwa nakijua asubuhi ile. Leo siwezi kuapa.

Siku chache baadaye mdogo wangu ananiletea tasnifu. Msimamizi wake ameijaza maoni pembeni, na inatakiwa iwasilishwe asubuhi yake saa mbili. Yeye alikuwa kazini zamu ya usiku, akaniomba niipitie: nisahihishe tahajia, nipange tanbihi, nihakikishe orodha ya yaliyomo inalingana na kurasa. Nikamwambia lala usingizi (hakuwa na pa kulala, lakini ndivyo tunavyosemezana). Saa tano usiku nikafungua faili. Juu ya ukurasa, utepe mwekundu. Usajili wako umekwisha. Unaweza kusoma na kuchapisha, kuhariri hairuhusiwi.

Nilidhani mzaha. Nikazima kompyuta, nikawasha. Utepe upo. Nikajaribu kufuta herufi moja, ile "h" iliyozidi kwenye neno "hathari", ukurasa wa kwanza kabisa, shukrani. Nikabonyeza mara kumi. Ile "h" ilikaa palepale kama iliyogongewa msumari.

Ndipo nikaenda huduma kwa wateja. Kwanza unapokelewa na roboti. Nikaandika: "Nimefungiwa." Ikajibu: "Je, ulimaanisha: jinsi ya kufunga programu?" Nikaandika: "Hapana, nifungulieni." Ikaniletea maelezo ya jinsi ya kufungua faili jipya. Nilicheka peke yangu sebuleni, kicheko kibaya, hadi nikaogopa nitaamsha watu. Baada ya kama nusu saa nikapata binadamu, au kitu kilichofanana naye.

"Habari, mteja wetu mpendwa. Naelewa unavyojisikia."

"Ndugu yangu, sijasema bado ninavyojisikia."

Sitayarudia yote. Kwa ufupi: kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba nilichagua kusitisha mara moja, si kungoja muda uishe. Wiki zilizobaki, ambazo nilishazilipia, hazirudishwi na hazirejeshwi. Nikamweleza kuhusu vile vitufe. Akasema ukurasa uko wazi. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ameshausoma. Kimya. Kile kialama cha "anaandika..." kikaja, kikaondoka, kikaja tena. Kisha akanitolea ofa: nikijiunga upya usiku huohuo napata punguzo kwa miezi mitatu ya mwanzo. Nikamwambia sitaki punguzo, nataka wiki zangu, au walau nifunguliwe hadi asubuhi nimalize kazi ya mtoto wa watu. Hapo ndipo akaniletea somo la sheria, hukununua programu, ulinunua haki ya kuitumia, pamoja na kauso.

Nikafunga kompyuta. Nikafungua tena. Ningefanya nini?

Najua wajuzi mtanicheka: faili lenyewe lipo kwenye diski yako, si ungelifungua kwa programu nyingine tangu mwanzo? Kweli. Lakini saa saba usiku akili haina habari hiyo. Mimi nilishaamini kwamba wao ndio walioyashika maneno ya mdogo wangu. Kilichoniokoa ni kitu kidogo nilichowahi kukisikia kwa fundi mmoja, nikadhani porojo: kwamba faili la docx, aina ile inayohifadhiwa na programu hii ya kuandikia, si faili, ni furushi. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina lake, pale penye docx weka zip, ulifungue kama unavyofungua furushi lolote.

Nikafanya hivyo. Ndani nikakuta mikoba midogomidogo, mmoja unaitwa word, na ndani yake faili linaitwa document.xml. Nikalifungua kwa programu ile nyepesi kabisa ya kuandikia vidokezo. Ukuta wa alama na mabano, lakini katikati yake, neno moja hapa, nusu sentensi pale, mdogo wangu yumo. "Namshukuru dada yangu." Nikaiona hata ile hathari yake. Tanbihi zimewekwa kwenye faili lao peke yao, footnotes.xml. Maoni ya msimamizi nayo lao, comments.xml, na hapo nikasoma kati ya mabano: "Chanzo?" na chini kidogo tena "Chanzo??"

Sijui niieleze vipi furaha ile. Ni kama kufikiri umenyang'anywa nyumba, kumbe ni kufuli la mlango wa mbele tu na dirisha la jikoni liko wazi. Muundo huo wa docx umesanifiwa kimataifa tangu 2008, kwa hiyo programu ya kampuni yoyote inaweza kuusoma. Kwa miaka yote nimelipa ada nikiwa na hofu nusunusu kwamba nikiacha kulipa maandishi yatapotea, na hakuna aliyewahi kunitoa hofu hiyo. Na kwa nini waitoe?

Basi nikapakua LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na majedwali. Niliwahi kuisikia nikaidharau, nikidhani ni kitu cha kubabaisha cha wanafunzi wasio na fedha. Kumbe ipo tangu 2010, ilipojitenga na OpenOffice, programu nyingine ya bure ya aina hiyohiyo, na inasimamiwa na taasisi isiyotafuta faida. Ukitaka kuchangia unachangia, usipotaka hukatwi. Ikajisakinisha bila kuniuliza kadi wala barua pepe. Nikafungua tasnifu. Nikafuta ile "h". Ikafutika! Niseme ukweli, niliirudisha ili niifute tena.

Wakati huo ningekuwa naandika haya, ningewapa LibreOffice nyota zote na wale wengine nisingewapa hata moja, mambo yangeisha hapo. Lakini usiku ulikuwa bado.

Jedwali la sura ya nne lilikuwa limetoka nje ya ukingo wa karatasi, safu ya mwisho yote haionekani. Namba za kurasa za mwanzo, zile za Kirumi, zikawa zimeingia hadi sura ya kwanza. Orodha ya yaliyomo inasema sura ya tatu iko ukurasa ambao kwangu una nusu ya sura ya pili. Nikarekebisha jedwali, picha ikaruka. Nikarudisha picha, kichwa cha habari kikabaki peke yake chini ya ukurasa kama aliyeachwa na basi. Saa nzima na nusu. Simsingizii mtu: faili limelelewa nyumba moja, nimelihamishia nyingine usiku wa manane, litakuwaje? Angeandika humo tangu mwanzo, nadhani yasingetokea. Lakini saa tisa usiku wewe hutaki maelezo, unataka jedwali.

Ujumbe wa simu: "Dada, imefikia wapi?"

"Inakuja."

Sasa nikiri. Nikatoa kadi. Nikalipa mwezi mmoja, bei yao kamili, maana ile ofa ya punguzo inataka ukubali kukatwa mwaka mzima. Na kilichonichoma si fedha. Kilichonichoma ni kwamba kabla sijatoa mkono kwenye kipanya, utepe mwekundu ulikuwa umeshapotea. Hakuna kilichopakuliwa, hakuna kilichosakinishwa. Programu ilikuwa palepale kwenye diski yangu, nzima, inanitazama tu usiku kucha. Jedwali likakaa sawa. Kurasa zikakaa sawa. Saa kumi na moja na nusu nilimtumia PDF, na lazima niseme ilikuwa safi, imenyooka, kazi ya kitaalamu. Programu ni nzuri. Hilo siwezi kuwanyima hata nikitaka, na nataka.

Nimelala kidogo, nimeamka, hasira imekuwa ya aina nyingine. Nimefikiria yule mhudumu. Alikuwa sahihi, na ndicho kinachoudhi. Hata zamani, programu ilipokuja ndani ya boksi na diski yake, tulichonunua kilikuwa leseni; ilikuwa imeandikwa mule kwenye yale maandishi marefu tunayobofya "Nakubali" bila kusoma. Tofauti ni kwamba ile diski haikuwa na tabia ya kuamka usiku kuja kuuliza kama nimelipa. Niliinunua mara moja, ikazeeka mikononi mwangu, nikaiacha mwenyewe nilipotaka.

Kompyuta yangu yenyewe ni kuukuu, na kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyowahi kuinunulia si programu. Ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Fundi alitoa ile diski ya kuzunguka iliyokuwa inakoroma, akaweka hii. Zamani nilikuwa nawasha nikaenda kuoga. Sasa nikiwasha inanisubiri yeye. Nililipa siku moja na sijasikia tena habari zake. Haijawahi kunitumia barua pepe. Haijui jina langu.

Basi uamuzi wangu, kama mtauita uamuzi. Kwa kazi zako mwenyewe, barua, hesabu za nyumbani, chochote kinachoanzia kwako na kuishia kwako: usilipe ada, LibreOffice inatosha na inabaki, mimi nimeshahamia. Kama unapokezana mafaili marefu na watu wanaotumia ile nyingine, mfano msimamizi mwenye "Chanzo??" zake, lipa mwezi mmoja unaouhitaji, tengeneza PDF, ondoka. Nyota tatu. Hapana, mbili. Programu yenyewe nyota nne, waliyonitendea sifuri, gawanyeni wenyewe.

Nilikuwa nimeishia hapo. Lakini mwezi wenyewe ulikuwa unaelekea mwisho, na jana niliingia kwenye akaunti kujitoa mapema, nikiwa na simu mkononi kupiga picha kila hatua ili wasije wakaniambia tena kumbukumbu zao zinaonyesha. Ukurasa ni uleule. Unataka kughairi? Ghairi. Endelea. Nikamwita mdogo wangu, ambaye tasnifu imepita na siku hizi anatutembelea kama profesa, nikamwambia, njoo msomi, nisomee hapa. Akavuta kiti. Akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili huku anafuata kwa kidole kwenye skrini.

"Dada," akasema, "hapa hata mimi sijui."