Seti ya kuchokonolea makufuli: nyota mbili, na moja nimeitoa shingo upande

Sikuinunua seti hii kwa pupa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitazama video za watu wanaofungua makufuli kwa vyuma viwili vyembamba tu, wakizungumza taratibu huku vidole vyao vikifanya kazi kana kwamba vina macho, na nikajiambia kwamba mchezo huu ndio unaonifaa mimi, mtu wa kukaa mezani peke yangu saa mbili bila kuchoka. Kifurushi kilipofika nilikifungua kwa furaha ya mtoto. Kulikuwa na pochi nyeusi yenye zipu, vijiti kumi na vitano vilivyopangwa kama kalamu, kufuli la mazoezi la plastiki angavu, na chini kabisa, kwenye mfuko mdogo ambao nusura nisiuone, kipande kimoja cha chuma bapa kilichopindwa ncha mfano wa herufi L. Hicho kimoja ndicho kilichoniletea hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Nieleze kwanza kazi yake, maana muuzaji mwenyewe hakujisumbua kuieleza. Ndani ya kufuli la kawaida la pini mna kiini kinachozunguka pamoja na ufunguo, na mna mwili wa nje unaokizunguka kiini hicho. Vimetobolewa matundu yanayopita katika vyote viwili, na kila tundu limebeba pini mbili, ya chini inayoguswa na ufunguo na ya juu inayosukumwa na springi. Ufunguo sahihi huziinua pini mpaka maungio ya kila jozi yakae sawasawa na mpaka wa kiini na mwili, hapo kiini huzunguka. Asiye na ufunguo hutegemea kasoro ya kiwandani: matundu hayawezi kutobolewa katika mstari ulionyooka kikamilifu, kwa hiyo ukikizungusha kiini kidogo tu, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Unaitafuta hiyo, unaiinua, unasikia kitu kama kucha ikigonga sahani, kiini kinasogea upana wa unywele, kisha unatafuta pini nyingine iliyobanwa. Kijiti ndicho kinachoinua, lakini kile chuma cha kukazia, chenye sura ya kitu kilichookotwa, ndicho kinachobana, ndicho kinachozuia pini zilizokwisha kupanda zisianguke, na ndicho kinachokuletea vidoleni habari zote za ndani ya kufuli. Kikiwa kibovu, uwe na vijiti kumi na vitano au mia, huna kitu.

Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Kufuli la plastiki lilifunguka baada ya dakika chache, nikalifunga, likafunguka tena, na usiku huo nililala nikijiona fundi. Kesho yake nikagundua kwamba linafunguka hata nikikwanguakwangua ovyo huku nikitazama pembeni. Matundu yake yamelegea mno hata pini hazibanwi ipasavyo, na kwa kuwa unaiona kila pini inavyopanda, macho yanafanya kazi ambayo vidole vilipaswa kuijifunza. Bado sikukasirika. Nilisema moyoni kwamba hicho ni kitu cha kuanzia, nikaenda kuchukua kufuli langu la zamani la shaba, lenye pini nne, ambalo lilikuwa halifungi chochote kwa miaka. Kanuni mbili zinazorudiwa na kila anayeupenda mchezo huu nilizijua kabla ya kununua: usiguse kufuli lisilo lako, na usichokonoe kufuli linalotumika, hata likiwa lako, kwa sababu unaweza kuliharibu ukabaki nje.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikitia chuma cha kukazia sehemu ya chini ya tundu la ufunguo, nikakikandamiza kwa kidole cha shahada, nikaanza kutafuta pini ya kwanza. Nikaipata. Nikaipata ya pili. Nilipokuwa naitafuta ya tatu nilihisi kiini kikisogea, tena kikisogea vizuri, mwendo mrefu na laini, nikashusha pumzi nikiamini kwamba kufuli linafunguka. Nikainamisha macho. Kiini kilikuwa palepale kilipokuwa. Kilichosogea ni chuma chenyewe, kilichokuwa kikijinyonga polepole chini ya kidole changu kama mshumaa uliosahauliwa juani. Nilikinyoosha kwa koleo, nikajaribu tena, kikapinda tena palepale, na safari ya tatu kilibaki na mkunjo mweupe unaoonyesha kwamba safari ya nne kitakatika. Seti nzima, vijiti kumi na vitano, na chuma cha kukazia ni kimoja, nacho ni laini kuliko waya wa kuanikia nguo.

Niliwaandikia wauzaji kwa adabu. Niliambatanisha picha nne, moja ikionyesha chuma kando ya rula, na niliomba jambo moja tu, wanitumie kingine. Baada ya siku kadhaa nilijibiwa hivi: "Ndugu mteja, chuma chetu hakina tatizo. Tatizo ni mkono wako. Mchezo huu si wa kila mtu." Nilikisoma kijibarua hicho nikiwa nimesimama, nikakaa, nikakisoma tena. Hakuna pole, hakuna swali hata moja, hakuna aliyejali kwamba picha zilionyesha mkunjo uleule mahali palepale mara tatu. Nilipouliza kama kuna namna ya kupata chuma kingine peke yake, nilishauriwa ninunue seti kubwa zaidi, ile yenye vijiti ishirini na vinne. Nikauliza hiyo ina vyuma vingapi vya kukazia. Sijajibiwa mpaka leo.

Na watu hawa hawa ndio waliotia kwenye pochi kikaratasi kinachodai kwamba kwa seti yao utafungua kufuli lolote chini ya dakika moja. Lolote! Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London wakati wa Maonyesho Makubwa ya mwaka 1851, alikuwa bingwa wa kazi hii, na kufuli la kampuni ya Chubb lililosifiwa kwamba halichokonoleki lilimchukua takriban dakika 25. Lile la kampuni ya Bramah, lililokuwa limewekwa dirishani mwa duka lao kwa miongo kadhaa pamoja na ahadi ya gini 200, fedha ya Uingereza ya zamani, kwa atakayelishinda, lilimla saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Huyo ni Hobbs, tena akiwa na zana alizozitengeneza yeye mwenyewe. Mimi niliahidiwa dakika moja, na zana yangu haikumaliza hata pini ya tatu.

Sasa nifike mahali ninapopachukia. Nilipotulia, nikasoma zaidi, nikakutana na onyo lilelile kila nilipogeuka: kosa kubwa la anayeanza ni kukandamiza kupita kiasi. Ukikaza sana, pini zote hubanwa kwa pamoja, huwezi kuitambua iliyotangulia, na ukiisukuma kwa nguvu pini ya chini nayo huvuka mpaka, ikanasa juu. Inatakiwa nguvu ndogo kiasi cha kubonyeza kitufe cha kikokotoo bila kukizamisha. Mimi nilikuwa nakandamiza kama mtu anayefungua bomba lililoota kutu. Kwa maneno mengine, yule mtu aliyenijibu ovyo alikuwa amesema kweli kuhusu mkono wangu. Nimelazimika kuliandika hili kwa sababu nataka kutenda haki, ingawa kidole kinagoma.

Lakini kama alijua, mbona hakusema? Sentensi moja ingetosha: punguza nguvu, jaribu tena. Na zaidi ya hapo, mkono mzito haukifanyi chuma kiwe laini. Nilitoa ule utepe mwembamba wa chuma uliokuwa ndani ya mpira wa waipa ya gari iliyochakaa, mbinu ambayo wengi wenye mchezo huu huitumia, nikaupinda ncha kwa koleo na kuulainisha kingo kwa tupa. Mkono ulikuwa uleule, tena siku ya kwanza bado mzito, na utepe ule ulijipinda kama upinde kisha ukarudi ulivyokuwa. Jioni ya tatu, nikitumia kijiti chenye kulabu fupi kutoka katika seti hiyohiyo, pini ya nne iligonga, kiini kikateleza, na upinde wa kufuli la shaba ukaruka juu kwa kishindo kilichonitoa kwenye kiti. Nililifunga nikalifungua mara tano kuhakikisha kwamba si bahati.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia nyota moja. Kwa ajili ya ile kulabu fupi, ambayo ni imara kweli na imefanyiwa kazi kuliko ndugu zake wote kumi na wanne, nilipandisha hadi tatu. Kisha nikayasoma upya yale majibu ili niyanukuu bila kuyapotosha, nikarudisha mbili, na hiyo ya pili ni ya kulabu, si yao. Anayetaka kuanza namshauri anunue kulabu moja nzuri na vyuma viwili au vitatu vya kukazia vyenye unene tofauti, kisha atafute kufuli la chuma la bei ndogo badala ya la plastiki. Akikutana baadaye na pini zenye kiuno, zile zinazokiacha kiini kizunguke kidogo halafu zikakishika, ndipo atakapojua kwa nini nimekazania kipande hiki: hapo hulegeza mkazo kwa kiasi kidogo sana, akisikia kiini kikirudi nyuma, na chuma kinachojipinda chenyewe hakiwezi kumwambia lolote.

Kile chao bado ninacho. Wiki iliyopita nilijaribu kukitumia kubandulia kifuniko cha kopo la rangi, nacho kikapinda.